Hongera kwa Waliomuumba Shinji
Hideaki Anno na wenzake wa studio ya Gainax wanastahili pongezi kwa Neon Genesis Evangelion, katuni ya vipindi 26 iliyoanza kurushwa Japani Oktoba 1995 na ambayo hadi leo haijachuja. Imedumu, naamini, kwa sababu ilimnyima rubani wake ushujaa wa bure. Shinji Ikari ana miaka 14. Baba aliyemtelekeza anamwita si kwa mapenzi bali aendeshe jitu la vita. Jitu lenyewe linategemea waya wa umeme mgongoni, na ukikatika zinabaki dakika chache tu. Nguvu yote hiyo, na bado hofu haimwishi.

Wapo wanaolalamika kwamba Shinji analialia mno, na kwamba vipindi viwili vya mwisho vinaacha mapigano na kuzama mawazoni mwake. Lakini vita vilikuwa humo tangu mwanzo. Tazama Asuka na Rei, marubani wenzake, ndani ya lifti: karibu dakika nzima picha haisogei, hakuna anayetamka neno, na chuki inasikika. Hata kama uhaba wa muda na fedha ulichangia ukimya huo, aliyeugeuza kuwa sanaa ni fundi. Filamu ya 1997 iliusimulia upya mwisho ule kwa damu na maangamizi, wala haikumpa kijana huyo faraja rahisi.