Heko Wajenzi wa M7

Barabara kuu ya Dublin hadi Limerick inastahili pongezi, nami nawapa wajenzi wake bila kusita. Zamani dereva alipita katikati ya mji baada ya mji: Naas, Kildare, Portlaoise, Nenagh, malori yakijipanga mbele ya maduka. Mwaka 1983 ulifunguliwa mchepuo wa Naas, barabara ya kwanza ya mwendo kasi katika Jamhuri ya Ireland. Portlaoise ikafuata mwaka 1997.

Kinachonigusa zaidi ni mchepuo wa Kildare. Hapo barabara ilichimbiwa chini ya usawa wa maji ya ardhini, na maji hayohayo ndiyo yanayolisha kinamasi cha Pollardstown, makao ya konokono adimu, wadogo kuliko punje ya mchele. Kuyavuta yote kungekihatarisha kinamasi. Basi wahandisi wakatandika utando usiopitisha maji, chini na kandokando, barabara ikakaa kama ndani ya beseni. Kazi ilichelewa sana, ikafunguliwa 2003. Walifanya vyema kutoharakisha.

Karibu na Limerick, udongo laini wa kinamasi cha Annaholty nao uliwatoa jasho, lakini mwisho wa 2010 njia nzima ilikamilika. Sasa lori hutoka viunga vya Dublin hadi Limerick bila kukatiza mji hata mmoja kati ya hiyo.