Kusoma Uchakavu wa Injini Kupitia Oili

Mwaka 1946 kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande Western, Marekani, ilianza kupima metali zilizomo kwenye oili iliyotumika katika injini za dizeli za treni zake. Shabaha ilikuwa kugundua kipuri kinacholika kabla injini haijafia njiani. Miaka ya 1950 jeshi la wanamaji la nchi hiyo likaitumia njia hiyo kwa injini za ndege. Leo migodi na wenye malori huitegemea. Mwenye gari dogo naye itamfaa, mradi ajue kuisoma ripoti.

Maabara huunguza sampuli kwa cheche za umeme au gesi yenye joto la maelfu ya nyuzi. Kila elementi hutoa mwanga wake wa pekee, na ukali wa mwanga huo huonyesha kiasi chake, kwa sehemu katika milioni. Chuma hutoka hasa kwenye silinda, kamshafti na krenkshafti. Alumini hutoka kwenye pistoni, kromiamu kwenye ringi, na risasi, shaba na bati kwenye beringi. Silikoni kwa kawaida ni vumbi. Sodiamu na potasiamu zikipanda, shuku kulanti inayovujia ndani, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi.

Mnato nao hupimwa. Oili ya SAE 40, ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, huanzia sentistoki 12.5 na haifiki 16.3. Ikipungua sana, huenda petroli au dizeli inachanganyika nayo. Ikizidi, huenda ni masizi au oili imeungua.

Kosa kubwa ni kuhukumu injini kwa namba moja. Chukua mfano: oili iliyotembea kilomita 5,000 ina chuma 20, na inayofuata, iliyotembea kilomita 10,000, ina 36. Aliyeangalia namba tupu atashtuka. Lakini ukigawa kwa kila kilomita 1,000 unapata 4, kisha 3.6, injini haijabadilika. Oili ya tatu ikionyesha 45 kwa kilomita 5,000, yaani 9 kwa kila 1,000, hapo pana jambo.

Jambo gani? Hujibiwa kwa kusoma elementi kwa pamoja. Chuma kikipanda sambamba na silikoni na alumini, vumbi linaingia na kuzisaga silinda na pistoni. Kagua chujio la hewa na mipira yake kabla ya kufikiria kufungua injini. Kwa magari yanayopita barabara za vumbi, hapa ndipo pa kuanzia. Silikoni ikipanda peke yake baada ya matengenezo, huenda ni gundi ya gasketi tu. Risasi na shaba zikipanda pamoja, beringi ndiyo ya kutazamwa. Ni vyema pia kupima oili mpya ya aina ile ile, kwa kuwa baadhi ya elementi hutiwa humo kiwandani.

Ripoti haiwezi kuipita sampuli kwa ubora. Chukua sampuli injini ikiwa ya moto, katikati ya mmwagiko wa oili, si mwanzoni wala mwishoni, kwa chupa safi na kavu. Andika kilomita za gari, kilomita za oili, aina yake na kiasi ulichoongeza.

Kipimo hiki kina mpaka. Mashine za kawaida hazioni vyema chembe zinazozidi mikroni 5 hadi 10, hivyo beringi inayobanduka vipande vikubwa inaweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo mwambie fundi alipasue chujio la oili lililotolewa na kukagua vipande vya metali ndani yake.

Sampuli moja haitoshi kuhukumu injini. Anza sasa, injini ikiwa nzima, na uhifadhi kila ripoti: bila rekodi ya siku za uzima, dalili za ugonjwa hazina cha kulinganishwa nacho.