Dakika Kumi na Moja

Ukitaka kuusikia mlio wa saa ya ukutani, unazima redio, unafunga dirisha na kuwaomba watoto wanyamaze. Charles Czeisler wa Chuo Kikuu cha Harvard alifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka. Saa aliyoitegea sikio imo mwilini mwa binadamu, na kelele alizopaswa kuzinyamazisha ni mwanga, chakula, mwendo na usingizi.

Saa hiyo ni fungu dogo la seli ubongoni, juu ya mahali mishipa ya macho inapokutana. Hakuna awezaye kuisoma moja kwa moja. Mtafiti husoma mishale yake: melatonini, homoni inayopanda katika damu usiku ukiingia; kotisoli, inayofika kileleni karibu na wakati wa kuamka; na joto la mwili, ambalo hushuka kabisa kabla ya mapambazuko. Tatizo ni kwamba mishale hii hudanganya upesi. Panda ngazi, joto nalo litapanda. Washa taa kali usiku, melatonini itashuka.

Watafiti waliotangulia waliwaweka watu mahali pasipofika jua, lakini wakawaachia swichi ya taa. Mtu aliyekesha taa ikiwaka aliichelewesha saa yake mwenyewe bila kujua. Ndiyo maana kwa miaka mingi ilisemwa kuwa saa ya binadamu huzunguka kwa saa 25.

Czeisler alirudi kwenye mbinu ya Nathaniel Kleitman, ambaye mwaka 1938 aliingia na mwanafunzi wake katika pango la Mammoth, Kentucky, wakaishi humo siku 32 wakifuata siku ya saa 28. Mwanafunzi aliizoea ratiba hiyo. Mwili wa mwalimu ukaikataa.

Huko Boston, Czeisler na wenzake waliwapokea watu 24, vijana na wazee, wakae takriban mwezi mzima bila dirisha wala saa. Wengi wao walipangiwa siku hiyo hiyo ya saa 28, safari hii katika mwanga hafifu mno. Hapo ndipo ufundi ulipo. Saa ya mwili haiwezi kuifuata siku ndefu kiasi hicho, basi hushika mwendo wake yenyewe. Leo mtu atalala melatonini ikiwa juu, siku nyingine ikiwa chini. Mlo nao utaangukia kila sehemu ya mzunguko. Mtafiti akivumilia wiki kadhaa, kelele hizo hufutana zenyewe, na mlio wa saa ukabaki peke yake.

Matokeo yalitoka mwaka 1999 katika jarida la Science. Melatonini, kotisoli na joto vilitoa ushahidi mmoja: kwa wastani, mzunguko huchukua saa 24 na dakika 11, kwa kijana na kwa mzee.

Sisi tunaoanza kuhesabu saa jua likichomoza tusishangae kwamba ni mwanga wa mchana, hasa wa asubuhi, unaozifuta dakika hizo kila siku. Asiyefikiwa nao angechelewa karibu saa mbili kila baada ya siku kumi. Baadhi ya watu wasioona mwanga kabisa huishi hivyo: wiki fulani usingizi huwajia usiku, nyingine huwajia mchana.