Ringi Kwanza, Tairi Baadaye

Wengi wakiingia dukani hubonyeza tairi kwa kidole gumba, wakatazama ukubwa wa meno yake, kisha wakauliza bei. Anza kwa kuinama na kusoma maandishi ya ubavuni. Ukikuta 60-622, umeambiwa mambo mawili: tairi hilo lina upana wa karibu milimita 60, na linakaa kwenye ringi ambayo kipenyo chake, pale ukingo wa tairi unapoketi, ni milimita 622. Hiyo ndiyo baiskeli inayouzwa kwa jina la inchi 29. Ile ya inchi 27.5 ni 584, na ya 26 ni 559. Inchi zinazotajwa na wauzaji hukadiria ukubwa wa gurudumu likiwa limeshavaa tairi, kwa hiyo usizitegemee peke yake.

Hapa kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake, maana baiskeli za mlimani zinaishi pamoja na Phoenix na Black Mamba, na vifaa vyake vinapangwa kwenye rafu moja. Ringi ya inchi 28 ya baiskeli hizo za mizigo ina kipimo cha 635, yaani ni kubwa kuliko ile ya 29. Tairi la 29 haliwezi kuingia kwenye ringi hiyo hata ulivute kwa vyuma vya kufungulia. Vivyo hivyo kwa inchi 26: tairi lililoandikwa kwa desimali, kama 26 × 2.10, ni la 559, lakini lililoandikwa 26 × 1⅜ ni la 590. Anayenunua baiskeli ya mtumba asiondoke sokoni kabla ya kusoma tarakimu hizi kwenye matairi yote mawili.

Tairi pana lina historia ndefu kuliko baiskeli ya mlimani yenyewe. Schwinn wa Marekani walileta tairi nene la kujazwa upepo kidogo mwaka 1933. Vijana wa Marin County, California, walipoanza mashindano yao ya kuteremka kwenye barabara ya Repack mwaka 1976, walitumia baiskeli kuukuu zenye matairi ya aina hiyo, ya inchi 2.125, kwa sababu ndizo zilizostahimili mawe. Baadaye mashindano ya mbio yakawavuta watengenezaji kwenye wembamba: matairi ya inchi 1.95, ringi zenye milimita 17 au 19 kwa ndani, upepo wa kujaa pomoni. Imani ilikuwa kwamba chembamba na kigumu ndicho chenye kasi. Kwenye lami laini imani hiyo ina mashiko. Kwenye njia ya mizizi na kokoto inapotosha, kwa sababu tairi gumu likigonga jiwe halilimezi. Humrusha juu mwendeshaji pamoja na baiskeli yake, na nguvu iliyotumika kumrusha hairudi tena. Tairi pana lenye upepo mdogo hujikunja juu ya jiwe, na mwendo hausimami.

Mwaka 2005 Surly walitoa Pugsley, baiskeli ya matairi manene kabisa ya theluji na mchanga, na mwaka 2012 wakatoa Krampus yenye matairi ya inchi 3 kwenye magurudumu ya 29. Baada ya majaribio hayo makubwa, waendeshaji wengi wametulia katikati: tairi la inchi 2.4 hadi 2.6 kwenye ringi ya milimita 30. Nami naona hapo ndipo penye busara kwa mtu anayepanda na kushuka milima siku hiyohiyo.

Ila upana wa tairi hauna maana bila upana wa ringi, na hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza. Kipimo kinachohusika ni cha ndani, kutoka ukuta mmoja wa ringi hadi mwingine, pale tairi linapoketi. Muuzaji akikupa kipimo cha nje amekuongezea milimita tano au sita zisizokusaidia. Beba rula. Chukua tairi la inchi 2.6 ulifunge kwenye ringi ya ndani ya milimita 19: litabanwa kiunoni na kutanuka juu, na ukikata kona utasikia linayumba chini yako kabla halijashika ardhi. Ukiongeza upepo ili litulie, umeshapoteza ile faida iliyokufanya ununue tairi pana. Lifunge sasa tairi hilohilo kwenye ringi ya milimita 30 au 35. Kuta zake zinasimama wima zaidi, na unaweza kupunguza upepo bila kuyumba.

Kuzidisha nako kuna hasara. Tairi la inchi 2.2 kwenye ringi ya milimita 40 hulala bapa, meno ya pembeni yanainuka kuelekea angani badala ya kungoja kona, na kuta zake zinatokeza kwenye mawe zikiwa hazina kinga. Kwa ringi ya milimita 25 tafuta tairi la 2.2 hadi 2.4, kwa ringi ya 35 na kuendelea nenda 2.6 hadi 2.8. Maxxis huandika herufi WT kwenye matairi waliyoyachora mahususi kwa ringi za milimita 30 hadi 35, na kampuni nyingine nazo hutaja kipimo cha ringi kwenye maelezo yao. Kadirio moja linalosaidia: kila milimita tano za ziada za ringi huongeza kama milimita mbili kwenye upana wa tairi.

Ukishaukubali upana wa ringi, ichunguze yenyewe. Pitisha ukucha kwenye kiungo chake, kwa kawaida mkabala na tundu la valvu. Kiungo kizuri huhisi kama mstari tu. Kibaya kina kingo. Ringi iwe na kuta mbili, usikubali ya ukuta mmoja kwa njia za milimani. Ya aluminiamu ya ukubwa wa 29 yenye upana wa ndani wa karibu milimita 30 huwa na gramu 450 hadi 550, na mtu mzito asishawishike na nyepesi zaidi. Ringi za kaboni ni nyepesi na ngumu, lakini kaboni haipindi. Hupasuka, na pengine ufa wake hauonekani. Aluminiamu ikibonyea ukingoni, fundi anainyoosha kwa spana ya kurekebika na safari inaendelea. Kwa anayesafiri mbali na miji, mimi huchagua aluminiamu bila kusita.

Kisha gonga spoku. Hapa ndipo gurudumu zuri hujitofautisha na la hovyo, na hakuna stika inayoweza kuficha. Gurudumu husimama kwa mvutano: Jobst Brandt, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli, alieleza kwamba mzigo hubebwa kwa kupungua kwa mvutano wa spoku za chini, zile zinazokaribia ardhi. Spoku zikiwa zimelegea tangu mwanzo, zile za chini hubaki bila mvutano kabisa katika kila mzunguko, chuma kinachoka penye kiwiko karibu na habu, na siku moja spoku inakatika. Kwa hiyo zigonge moja moja na usikilize. Zote za upande mmoja zitoe mlio unaofanana. Gurudumu la nyuma lisikushangaze: spoku za upande wa cheni hukazwa zaidi na mlio wake uko juu, kwa hiyo linganisha kila upande na wenyewe. Halafu zishike mbili mbili uzibane kwa nguvu ya kiganja. Zikilia kwa kukatakata, zilikazwa zikiwa zimejisokota, na gurudumu litapinda ndani ya wiki chache.

Penda spoku 32 zilizonenepa ncha na kupunguzwa katikati, milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Ule wembamba huiwezesha spoku kuvutika kidogo, na kiwiko kinapumzika. Spoku zikatane: gurudumu ambalo spoku zote zinatoka kwenye habu moja kwa moja halifai breki ya diski, kwa sababu breki huzungusha habu kwa nguvu na lazima spoku ziipokee kwa mshazari. Kwa wanaoishi Tanga, Mombasa au Unguja, nati za spoku ziwe za shaba. Za aluminiamu ni nyepesi, lakini chumvi ya pwani huzigandisha kwenye spoku, na siku ya kunyoosha ringi hazizunguki tena.

Turudi kwenye tairi. Bana ukuta wake kati ya vidole viwili. Ukihisi wepesi kama kitambaa, litakimbia vizuri lakini mawe makali yatalichana. Idadi ya nyuzi kwa inchi iliyoandikwa ubavuni isikulevye: wengine huhesabu safu zote pamoja, kwa hiyo 180 inaweza kuwa safu tatu za 60. Mpira laini uwe mbele, kwa maana tairi la mbele likiteleza umeanguka. Mpira mgumu uwe nyuma, ambako tairi huliwa haraka.

Miiba ya migunga ndiyo hoja yangu kubwa ya kuacha tyubu. Mfumo wa tairi lisilo na tyubu kwa baiskeli za mlimani ulitolewa na Mavic pamoja na Hutchinson na Michelin mwaka 1999, na leo ringi nyingi nzuri zimeandaliwa kwa ajili hiyo. Ute wa mpira unaomiminwa ndani huziba tundu la mwiba hata bila mwendeshaji kujua. Utepe wa ndani ya ringi ufike ukuta hadi ukuta, na kwa joto letu ongeza ute kila baada ya miezi miwili au mitatu, maana hukauka.

Upepo uje mwisho. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi la 2.4 lisilo na tyubu kwenye ringi ya milimita 30 aanze na paundi 21 mbele na 24 nyuma. Mwenye tyubu aongeze nne au tano, la sivyo jiwe litaibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa pande mbili. Ukisikia ringi ikigonga mawe, ongeza paundi moja. Mikono ikichoka kwa kutikiswa, punguza moja.

Kabla ya kulipa, zungusha gurudumu ndani ya fremu uangalie nafasi iliyobaki. Milimita 6 kila upande ndicho kiwango cha chini, na kwa matope mekundu ya Lushoto ningetaka zaidi. Tairi jipya pia hutanuka baada ya kukaa na upepo usiku kucha, kwa hiyo kipimo cha dukani kirudiwe kesho yake asubuhi kabla ya safari ya kwanza.