Sifa za Mkono Unaokoroga

Mapishi ya fondue ni mafupi mno: jibini, divai nyeupe, kitunguu saumu, moto. Ufupi huo unadanganya. Watu wawili wakipewa vitu hivyohivyo, mmoja ataleta mezani uji mzito unaong'aa, mwingine ataleta bonge la mpira likiogelea kwenye mafuta.

Kule Fribourg, Uswisi, huchanganya nusu kwa nusu: Gruyère kwa ajili ya ladha, Vacherin Fribourgeois kwa ajili ya ulaini. Chungu husuguliwa ndani kwa kitunguu saumu kilichopasuliwa. Divai hutangulia, ikapata moto bila kutokota, ndipo jibini iliyokunwa na kuchanganywa na wanga wa mahindi inapotiwa konzi kwa konzi. Mwiko hupita kwa mchoro wa nane, ili katikati pasisahauliwe. Mwanzoni mambo hutisha: jibini huvuta nyuzi ndefu, majimaji hujitenga pembeni. Asiyezoea huongeza moto, kumbe hapo ndipo pa kuupunguza. Aliyewahi kuona tui likikatika hahitaji kuelezwa zaidi. Joto likizidi, protini hushikana na kuyakamua mafuta nje. Asidi ya divai husaidia kuilegeza kalisi inayozifunga protini hizo, na ndiyo maana asiyetumia kileo akiweka juisi ya tufaha hukamulia na limau. Fundi hukoroga tu, hana haraka, mpaka mwiko uanze kuwa mzito mkononi na zile nyuzi zipotee.

Mapishi ya jibini na divai yamo katika kitabu cha upishi cha Zürich cha mwaka 1699, lakini fondue ilifanywa chakula cha taifa kwa kampeni za Umoja wa Jibini wa Uswisi katika miaka ya 1930. Wapo wanaoikejeli kwa sababu hiyo. Mimi sioni aibu yoyote hapo. Tangazo linaweza kuuza jibini, haliwezi kuikoroga.

Chungu kikishafika mezani juu ya jiko lake dogo lenye moto mdogo, kazi huwa ya wote. Kipande cha mkate kichomwe kwa uma kupitia upande wa ganda, kizamishwe hadi chini na kukoroga. Anayekidondosha hutozwa faini, mara nyingi chupa ya divai. Mwishoni hubaki ukoko wa rangi ya dhahabu, wenyewe wanauita "mtawa", nao hubanduliwa na kugawanywa. Kwangu mimi hicho ndicho chakula chenyewe. Vingine vilikuwa utangulizi.

Fondue ya chokoleti ni ya juzijuzi: ilianzia New York katika miaka ya 1960, kwenye mkahawa wa Chalet Suisse wa Konrad Egli. Wengi huiona mchezo wa watoto, lakini ina ukorofi wake. Tone moja la maji kutoka kwenye kijiko hulowesha chembe za sukari na kakao, zikagandamana, chokoleti ikawa kama mchanga. Ajabu ni kwamba dawa yake ni kuongeza kimiminika: krimu ya moto, ya kutosha, ikikorogwa taratibu hadi ilainike. Kwa hiyo stroberi zikioshwa zifutwe moja moja, na ndizi ikatwe vipande vinene, maana chembamba hakirudi na uma.