Miswada ya Kale Katika Kompyuta: Je, Kutazama Kunatosha?

Walimu wenzetu, siku hizi mwanafunzi aliye Kampala au Bujumbura anaweza kufungua kompyuta na kusoma muswada uliohifadhiwa Oxford. Hili ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, katika makala haya tungependa kuuliza: je, anachoruhusiwa kukitazama anaruhusiwa pia kukitumia?

Tuchukue mfano wa kitabu cha Kiarabu kiitwacho Gharaib al-Funun. Kilitungwa Misri kati ya mwaka 1020 na 1050, na mtunzi wake hajulikani. Nakala iliyonakiliwa karibu na mwaka 1200 ilinunuliwa na Maktaba ya Bodleian mwaka 2002, nayo inatambulika kwa alama MS Arab. c. 90. Katika kurasa 29b na 30a mna ramani ya Bahari ya Hindi. Humo tunakuta kisiwa cha Qanbalu, ambacho wataalamu wengi hukihusisha na Pemba, na kisiwa cha Unjuwa, yaani Unguja.

Kwa darasa la Kiswahili, ukurasa huo ni hazina. Kiarabu hakina herufi ya sauti ya "ng", kwa hiyo jina limeandikwa kwa nuni na jimu. Je, kwa nini silabi ya mwisho inasomeka "wa" badala ya "ja"? Ni kosa la mnakili, au ni dalili ya matamshi ya zamani? Swali hili haliwezi kujadiliwa vizuri kwa kutegemea tafsiri peke yake. Mwanafunzi sharti aone maandishi yenyewe.

Kwa upande huu, kazi ya Oxford inastahili sifa. Tangu mwaka 2007 picha zilitolewa pamoja na matini ya Kiarabu na tafsiri, na mwaka 2014 Yossef Rapoport na Emilie Savage-Smith walichapisha toleo kamili la kitabu. Dosari ya kwanza ni kwamba tafsiri na ufafanuzi ni wa Kiingereza, ingawa ramani inawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Picha za Bodleian hutolewa kwa leseni inayokataza matumizi ya kibiashara. Mwalimu anaweza kutia ramani hiyo katika kitini cha darasa, mradi ataje maktaba. Lakini tukiandika kitabu cha kiada kitakachouzwa, hata kwa bei nafuu, itatubidi kuomba kibali kwanza. Matokeo yake, vitabu vyetu vinaendelea kuchapishwa bila picha.

Tunaona kizuizi hiki hakina msingi wa kutosha. Mtunzi alifariki karne nyingi zilizopita. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2019 linasema kwamba nakala ya kazi ya sanaa iliyokwisha muda wa hakimiliki haizai hakimiliki mpya, isipokuwa ina ubunifu wake yenyewe. Huko Marekani, jumba la makumbusho la Walters la Baltimore huruhusu picha za miswada yake, ikiwemo ya Kiislamu, zitumiwe hata kibiashara. Ni kweli kwamba kupiga picha na kuzihifadhi kuna gharama; lakini gharama hiyo isibebeshwe msomaji wa mbali ambaye historia yake imo ndani ya muswada.

Kwa sasa tunawashauri wasomaji wetu: kabla ya kupakua picha yoyote, andikeni jina la maktaba, alama ya muswada, namba ya ukurasa na masharti ya leseni. Na mnapokutana na kizuizi, msinyamaze. Iandikieni maktaba, mkieleza kitabu mnachotaka kukitoa na watakaokisoma.