Jicho la nyambizi juu ya Dar es Salaam

Kamanda wa nyambizi hupimwa kwa meli alizozamisha. Kwa kipimo hicho Shinobu Endo, aliyeiongoza nyambizi ya Kijapani I-30 mwaka 1942, ni rahisi kumsahau: alifika Lorient, Ufaransa, mwezi Agosti, na tarehe 13 Oktoba chombo chake kikalipuliwa na bomu la kutegwa baharini nje ya Singapore. Lakini pwani yetu hakutumwa kuzamisha. Alitumwa kuona. Wajapani walipoipiga Colombo mwezi Aprili, Waingereza waliziondoa manowari zao, nyingine zikaja Kilindini, na Tokyo ikataka kujua zimetia nanga wapi. Ndege ya Endo ilipeleleza Aden tarehe 7 Mei, kesho yake Djibouti, na tarehe 19 ikapita juu ya Unguja na Dar es Salaam.

Kwa nini ndege, ilhali nyambizi ina periskopu? Jibu limo katika umbo la bandari yenyewe. Mlango wake ni mwembamba, kati ya Magogoni na Kigamboni, na maji hupinda kuelekea kusini kabla ya kufika gatini. Periskopu inayochungulia kutoka bahari kuu huishia kwenye minazi na mapaa. Somo hilo halikuwa jipya. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha Rufiji, meli za Kiingereza Severn na Mersey ziliimaliza tarehe 11 Julai 1915 kwa sababu ndege iliielekeza mizinga yao juu ya mikoko. Endo alikuwa na ndege ya watu wawili aina ya E14Y, iliyofunguliwa vipande na kuhifadhiwa katika chumba kisichoingia maji. Iliunganishwa sitahani, ikarushwa kwa manati, na iliporudi ilitua baharini ili inyanyuliwe kwa kreni. Muda wote huo nyambizi hukaa juu ya maji, bila kinga yake kuu. Kukubali hatari hiyo, mara tatu ndani ya wiki mbili, ndiyo kazi ya ukamanda ninayoiona hapa.

Mtu atasema: faida gani, ikiwa Dar haikushambuliwa? Ila mwenye nyambizi chache hunufaika pia kwa kujua pa kupaacha. Tarehe 29 Mei ndege ya I-10 iliikuta manowari Ramillies huko Diego Suarez, Madagaska. Usiku uliofuata nyambizi ndogo iliyobebwa na I-20 ikaitoboa kwa torpedo na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Hoja yenye uzito zaidi dhidi ya Endo ni Mombasa, ambako alitumia periskopu, wakati Kilindini imejificha nyuma ya kisiwa. Bandari iliyohitaji ndege kuliko zote ndiyo iliyotazamwa kwa chombo dhaifu kuliko vyote.